Utani Kando

Bi Kalunde aliingia Nyumba ya Mapigo akinukia moshi wa kurinia asali. Alitazama viti viwili vilivyowekwa vikielekeana, akakiacha cha mgeni, akakaa kwenye kile ambacho Otmari Komba alikuwa amejiwekea mwenyewe.

"Mwangaluka, mtumwa wangu," alimsalimia kwa Kinyamwezi. "Niliambiwa nitakutana na msomaji wa damu. Kumbe wamenitafutia Mngoni."

"Mwangaluka, mama. Na mimi niliomba niletewe mtu, wakaniletea mpagazi."

Yule mama alicheka mpaka kofia yake ya wavu ikateleza mapajani. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye viganja vigumu kwa kupanda miti, na usingemdhania kuwa amevuka miaka hamsini.

Otmari akakaa kwenye kiti cha mgeni. Baadaye, kila alipoirudia asubuhi ile kichwani mwake, alikuwa akisimama hapo, kwenye jibu lake la kwanza. Lakini hakuona angejibu nini kingine. Wangoni na Wanyamwezi ni watani tangu vita vya mababu zao, na kila upande hudai kwamba ndio uliomteka mwenzake. Mtani akikuita mtumwa, unamrudishia. Ukinyamaza, umemdharau. Na ukiitika kwa jina hilo, basi hajawahi kuonekana Mngoni wa namna hiyo.

Kati yao, juu ya meza, palikuwa na Sikio: kidude cheusi kisichozidi punje ya hindi, na kando yake taa ndogo iliyokuwa bado nyeupe. Bi Kalunde alilisogelea akalikodolea macho.

"Hiki ndicho kinachosikiliza?"

"Ndicho."

"Kinajua Kinyamwezi?"

"Kinajua kuliko mimi."

"Hilo si jambo la kujisifu. Hata mbuzi wangu anajua kuliko wewe."

Zamani, kabla Otmari hajaanza kazi hii, majibu ya vinasaba yalikuwa yakitumwa kwenye simu. Mtu yuko sokoni anachagua nyanya, simu inalia, anasoma kwamba moyo wake hautamfikisha mbali. Majibu yakavuja kwa waajiri, yakavuja kwa wakwe. Harusi zilivunjwa watu wakiwa wameshapika. Wapo waliojimaliza kwa ugonjwa ambao bado haujawagusa. Ndipo ikaja Sheria ya Kusikia. Jibu la damu halitaandikiwa mtu wala kutumwa. Litasemwa kwa kinywa cha mtu, ana kwa ana, na mwenye damu yake, akishaelewa, atatamka neno moja: nimesikia. Waliotunga sheria walilichagua neno hilo makusudi, kwa sababu katika Kiswahili kusikia ni kazi ya sikio na pia ni kukubali. Mtoto asiyesikia si kiziwi. Neno likitamkwa, taa inageuka kijani na mlango wa dawa unafunguka. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kumfuata tena mtu yule na habari ile. Anayebaki na uamuzi ni yeye.

Otmari alipenda sheria ile. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyejifunza kazi yake mwenyewe kwa kusoma usiku na kuuliza mchana, na hakupenda kumsukuma mtu; kila mgeni alimwambia kwanza kwamba jibu anaweza kulikataa. Desturi yake ilikuwa kutafuta kwanza mfano kutoka kwenye shughuli za mgeni wake. Wa leo alikuwa ameutafuta kwa siku mbili.

"Mama," alianza, "asali yako ukiiacha kwenye ndoo bila kuigusa, inakuwaje?"

"Inaganda. Huko kwenu Songea hamjui?"

"Sasa moyo una vyumba vinne. Vile viwili vya juu kazi yake ni kusukuma damu ishuke chini. Chumba cha juu cha kushoto kina kifuko pembeni, kidogo kama kidole gumba. Moyo ukipiga sawasawa, damu inaingia mle kifukoni na kutoka. Lakini ukipoteza mpangilio, chumba hakisukumi tena, kinatetema tu, kama jani. Damu iliyo kifukoni inakaa. Na damu ikikaa..."

"Inaganda," alisema Bi Kalunde.

"Inaganda. Siku moja lile bonge linachomoka, linapanda na mkondo mpaka kwenye ubongo, linaziba njia. Hicho ndicho kiharusi."

Otmari akaendelea, polepole. Akamweleza kwamba katika damu yake walisoma maelfu ya mahali ambapo watu hutofautiana, na kila mahali palikuwa na uzito wake mdogo, kama chembe za mchanga kwenye mizani. Na zaidi ya chembe hizo palikuwa na jiwe moja, badiliko katika jeni inayosimamia umeme wa moyo. Akamwambia kwamba katika watu kumi wenye damu kama yake, saba moyo wao hupoteza mpangilio kabla ya miaka sitini, na wengi wao hawajui mpaka siku wanapoanguka.

"Kuna dawa," alisema. "Kidonge kimoja kila siku, damu isigande. Na kuna punje tunayoiweka chini ya ngozi, hapa penye mtulinga, inausikiliza moyo na kutuita ukianza kutetema. Ila ukianza dawa, mama, hutapanda mti tena. Ukianguka, au ukijikata tu, damu haitakatika upesi."

Bi Kalunde alitazama viganja vyake. Halafu akainua uso, na Otmari akaona kicheko kinakuja hata kabla hakijafika mdomoni.

"Asali ikiganda tunaifanyaje, Mngoni?"

"Mama..."

"Tunaianika juani. Inayeyuka yenyewe. Basi nitaota jua."

"Utani kando, mama."

Bi Kalunde alipiga makofi. "Sasa ndiyo unaanza! Msibani kwa mume wangu walisimama Wangoni watatu mbele ya jeneza, wakubwa kwa wadogo, uso mkavu kama huo wako. Wakasema, utani kando, ndugu wafiwa, tumekuja kumchukua marehemu, tulikuwa tumewaazima tu. Hata mama mkwe wangu alicheka, na alikuwa hajala siku mbili."

Otmari alijaribu tena, na kila neno alilolitafuta lilikuwa limeshatumiwa na watani waliomtangulia. Nasema kweli. Naapa. Hata Mungu ananiona. Hakuna Mngoni aliyewahi kumwambia Mnyamwezi uongo mkubwa bila kutanguliza moja ya hayo.

"Kaka yangu Mahona," alisema Bi Kalunde, akifuta machozi ya kicheko, "enzi zile za simu aliletewa ujumbe kwamba hatauona mwaka unaofuata. Yuko Urambo. Mwezi uliopita ameoa."

"Ramani za wakati ule zilichorwa kwa damu za watu wa mbali, mama. Zilitukosea sana. Sasa tunasoma kwa ramani zetu."

"Na hao wa mbali nao walisema hivyohivyo." Akainuka, akaikunja kofia yake. "Haya, mtumwa wangu, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Nimesikia. Nimesikia sana."

Taa ikageuka kijani.

*

"Ilikuwa kijani?" aliuliza Mama Shelukindo, mkuu wa kituo.

"Ilikuwa kijani. Lakini alikuwa anacheka."

"Wapo wanaolia, wapo wanaocheka. Dada yangu alipiga miayo." Mama Shelukindo alikuwa akimwagilia maua ya dirishani na hakugeuka. "Kisha wakamfuata, Otmari. Wakati ule hapakuwa na sheria. Kila wiki mtu mwenye fulana ya afya mlangoni, majirani wanahesabu. Alihama mji kwa sababu yetu, si kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo usiniombe."

"Sijaomba."

"Unataka kuomba. Nakufahamu."

Otmari hakubisha. Alirudi kwenye chumba chake, akavipanga viti, akakaa kwenye kile alichokalia Bi Kalunde. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kidogo. Katika miaka yake yote ya kazi, aliyesikia alikuwa akiuliza. Wengine huuliza mambo ya maana, wengine ya ovyo: kama kidonge ni kichungu, kama bado atakula nyama, kama mwanawe naye anao. Bi Kalunde hakuuliza chochote isipokuwa namna ya kuyeyusha asali, na jibu alikuwa nalo.

Sheria ilimkataza msomaji kumfuata mtu. Haikusema lolote juu ya mtani. Mtani huingia nyumba yoyote, hula chakula cha mwenyeji bila kukaribishwa na hakuna wa kumwuliza amefuata nini. Jumapili, baada ya misa, Otmari alipanda gari la msituni lililokuwa likipeleka ndoo tupu kwenye kambi ya warina asali, upande wa Sikonge.

Alimkuta Bi Kalunde juu ya mninga. Mizinga ya siku hizi hujipima uzito yenyewe na kutuma habari kwa mwenye nayo, na zipo ndege ndogo zinazoweza kushusha masega bila mtu kuinua mguu. Lakini nyuki wa msitu ule walizichukia zile ndege, wakazivamia mpaka zikaanguka, na kikundi cha Bi Kalunde kilirudia kamba. Alishuka taratibu, mguu kwa mguu, kamba ikilia kwenye gome. Otmari alijikuta ameinua mikono kama mtu anayetaka kudaka mtungi.

"Shusha mikono, utaniangukia wewe," alisema Bi Kalunde kutoka juu. "Umekuja kuiba asali?"

"Nimekuja kukagua mali yangu. Nasikia kuna mtumwa wangu amekwea mti hataki kushuka."

Bi Kalunde alimpa kipande cha sega kwenye jani, wakakaa kwenye gogo. Wanawake wengine walikuwa mbali kidogo, wakichuja. Otmari aliomba mkono wake, naye akampa. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo, akasikiliza. Mapigo yalikuwa mazuri, yamepangika kama nyayo za mtu anayeijua njia.

"Unasemaje huo moyo?"

"Unasema umechoka kubebeshwa mwili wa mpagazi. Unaomba dawa."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Alitazama juu kwenye matawi, mahali mzinga wake ulipofungwa.

"Mama yangu hakuruhusiwa kupanda," alisema. "Mwanamke alikuwa haruhusiwi kupanda. Alikuwa anasimama hapa chini na ndoo, anangoja aletewe. Mimi nilipopanda mara ya kwanza alilia, si kwa hofu. Ukiwa kule juu, Komba, nyuki wamekuzunguka na huoni ardhi, unajua kwamba hapa hakuna aliyekuweka. Umefika kwa mikono yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Otmari aliona mlango umefunguka kidogo, akawa makini asiusukume kwa nguvu.

"Basi tuweke punje peke yake," alisema. "Dawa iache kwanza. Punje haikuzuii kupanda. Moyo ukianza kutetema tutajua, na hapo ndipo utaamua."

Bi Kalunde alilamba asali kidoleni. "Msimu ukiisha nitakuja."

"Kweli?"

"Utani kando," alisema.

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Kisha akasimama, akaifunga upya kamba kiunoni, akapanda. Otmari alibaki na jani mkononi, na njia nzima ya kurudi mjini aliligeuza neno lile huku na huku. Kama lingekuwa limetoka kwa mtu mwingine yeyote, angelielewa.

Usiku alifikiri kumfuata tena. Angeweza kuwaambia wanawake wa kikundi, wamshike kwa nguvu ya umoja wao. Angeweza kumpigia binti yake. Kila njia aliyoiwaza ilipita juu ya mama yule kama vile hayupo. Akaamua kungoja msimu uishe.

*

Msimu haukuisha. Bi Kalunde hakuanguka mtini. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, anakamua masega, anawasimulia wenzake jambo la kuchekesha, na katikati ya neno mdomo ukaenda upande. Wenzake walidhani anaigiza mtu. Walicheka kwa muda, wakingoja amalizie.

Otmari alimkuta hospitalini, kwenye kibaraza cha wodi, kitanda kimesogezwa mahali penye jua. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka. Upande wa kushoto ulimtambua.

"Mtumwa," alisema Bi Kalunde.

"Ndilo neno pekee alilobaki nalo," alisema muuguzi, kijana wa kutoka Pwani aliyekuwa akipanga dawa. "Nikimwuliza kama amekula, mtumwa. Nikimgeuza, mtumwa. Siku ya kwanza nilikasirika, nikafikiri ananitukana."

Otmari alijua kinachotokea. Bonge huziba upande wa kushoto wa ubongo, mahali maneno yanapotungwa, na mtu hubaki na neno moja au mawili ambayo hayatungwi tena, yaliyozoea kutoka yenyewe. Wengine hubaki na sala. Wengine hubaki na tusi. Alijua pia kwamba kanuni ilimtaka amjibu: mpagazi wewe, umetua mzigo lini? Alifungua kinywa, na sauti haikuja. Bi Kalunde alimngoja. Jicho la kushoto lilikuwa likimngoja kabisa, kama mtu aliyerusha mpira na bado hajaona unarudi.

"Bwana msomaji."

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa na urefu wa mama yake na mabega yake. Alivaa sare ya reli, mkanda wa kukwelea bado kiunoni. Otmari alimfahamu kwa kusikia tu: Nyanzala, binti pekee, fundi wa nyaya za treni ya umeme, ambaye siku nzima huwa juu ya nguzo. Hakumwita mtani, wala hakumtania. Lile "bwana" lilimfika Otmari kuliko matusi.

"Wenzake wananiambia ulimfuata mpaka msituni."

"Nilimfuata."

"Kwa hiyo ulijua hajasikia."

"Sikujua. Nilikuwa na wasiwasi."

"Ukaja na utani tena." Hakuipandisha sauti. "Mtu yuko njiani kupatwa na haya, na wewe umekaa kwenye gogo unakula asali, unamtania. Hukuweza kumshika mabega? Hukuweza kulia mbele yake, akaona?"

Otmari aliyafikiri yale maswali kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kwa kuwa yalistahili. "Ningelia," alisema mwishoni, "angesema Wangoni siku hizi wanafanya kazi ya kulia. Lakini ningeweza kujaribu. Sikujaribu."

Nyanzala alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akavuta shuka, akaufunika ule mkono, akaufunua tena ili upate jua.

"Kuna kitu sikielewi," alisema, sasa kwa sauti nyingine. "Tangu aliporudi kutoka kwenu, kila asubuhi alikuwa anatoa kigoda nje. Anafungua vifungo vya juu vya gauni, anakaa kifua kikitazama jua. Nikimwuliza, anasema naota jua, damu isigande. Mngoni wangu kaniagiza. Nilicheka. Nilifikiri ni mambo yenu. Lakini hakuacha, hata siku za mawingu."

Otmari aliweka mkono kwenye chuma cha kitanda.

Aliona kigoda. Aliona yule mama, asubuhi baada ya asubuhi, akiuanika moyo wake kama ndoo ya asali, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa pekee ambayo haikumtaka ashuke mtini. Labda ilikuwa mzaha aliouendeleza kwa raha zake. Labda alisikia kila neno tangu mwanzo, akaogopa, na akachagua. Mtu anaweza kucheka na kuogopa kwa kicheko kilekile. Otmari alitazama uso ule uliogawanyika, na aliyekuwa na jibu hakuwa tena na maneno ya kulitoa.

"Mtumwa," alisema Bi Kalunde, taratibu, kama anayeeleza.

*

Nyanzala alirudi kibarazani siku chache baadaye na kumkuta Otmari ameshika bakuli, anamlisha mama yake uji upande wa mdomo unaofanya kazi. Alisimama akawatazama mpaka bakuli likaisha.

"Na mimi ninao?" aliuliza.

Otmari aliweka bakuli chini. Damu ya Nyanzala ilisomwa alipozaliwa, kama ya kila mtoto wa umri wake, na jibu lake lilikuwa limelala miaka yote likingoja aliulize mwenyewe. Mama alipougua, kituo kilimpa Otmari ruhusa ya kulifungua ili awe tayari. Alikuwa amelifungua. Tangu siku ile alikuwa akiogopa uso wake mwenyewe usije ukalitoa jibu.

"Jibu lipo," alisema. "Unaweza kulikataa. Watu wengi hulikataa, na wana haki. Sitakufuata."

"Mama ulimpa nafasi ya kukataa?"

"Nilimpa."

"Akacheka. Kicheko ndiyo kukataa kwenyewe?"

"Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Nyanzala aliufungua mkanda wa kukwelea, akauweka sakafuni, akakaa kwenye kigoda. Mwanga ulimpiga usoni akafumba macho. "Nikiwa juu ya nguzo," alisema, "nauona mji wote. Naiona njia ya reli mpaka inapopinda kwenda Kigoma. Nikisikia jibu lako ndiyo basi, si ndiyo?"

Otmari alitoa Sikio mfukoni, akaliweka kwenye kigoda cha pili, kati yao. Taa nyeupe ilififia kwenye mwanga wa asubuhi.

"Ngoja," alisema Nyanzala. "Usiniambie kama daktari. Nimeshindwa kulala nikiwaza utakavyosema, na sauti yako hiyo ya kanisani. Niambie kama ulivyomwambia mama."

"Kwa utani?"

"Kwa utani. Sitacheka. Lakini niambie hivyo, nisiwe peke yangu."

Otmari alikuwa ameapa moyoni kwamba hatautumia tena utani kazini. Aliuona kuwa ndio uliomfunika macho mama huyu, au yeye mwenyewe, au wote wawili. Sasa alimtazama binti, akamtazama mama aliyelala kati ya mito akiwasikiliza, na akaona kwamba hana kitu kingine cha kumpa mtu wa nyumba hii. Alikaa vizuri. Alikohoa.

"Haya, Nyanzala binti wa wapagazi," alianza. "Babu zako walibeba pembe, walibeba chumvi, walibeba nguo za watu wasiowajua mpaka pwani na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa mzigo. Sisi tulikuwa tunawapita njiani tunawacheka. Tulisema, hawa hata ukiwabebesha nyumba watauliza tu inakwenda wapi. Sasa mama yako alibeba wake kimya kimya miaka yote hii, na alipokuzaa akautoa nusu akakutwika. Na wewe, kwa tabia yenu ileile, ulikuwa mchanga, huna meno, lakini bega ulilitoa. Hukuuliza una nini ndani."

Nyanzala hakucheka.

"Ni mzigo uleule?"

"Ni uleule, mwanangu. Uzito uleule."

Kwenye kitanda ilisikika sauti, pumzi fupifupi zikitoka kwa kukatika. Muuguzi aligeuka kwa haraka. Lakini lilikuwa jambo jingine: upande wa kushoto wa uso wa Bi Kalunde ulikuwa umepanda, shavu limejikunja, na machozi yalikuwa yakimtoka macho yote mawili. Alikuwa anacheka. Au alikuwa analia. Nusu moja ya uso haikutosha kuonyesha ni lipi.

Nyanzala alimshika mama yake mguu juu ya shuka. Alisema, bila kuangalia Sikio, "Nimesikia."

Taa ikageuka kijani.

Otmari hakusimama. Hakuitazama taa. Aliweka mikono juu ya magoti, akakaa, na angeweza kukaa hivyo mpaka jioni. Chini uani mtu alikuwa akivuta maji. Jua lilisogea kidogo kutoka kwenye mkono wa Bi Kalunde uliolala, na Nyanzala akainama akakisukuma kitanda mpaka mkono ukarudi kwenye mwanga.

"Kesho nina nguzo pale stesheni," alisema hatimaye, akiwa bado ameinama. "Nipande, au nisipande?"

"Usipande," alisema Otmari.

Nyanzala alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kisha akauokota ule mkanda, akauweka mapajani, akaanza kuupangusa vumbi kwa kiganja, pingili moja baada ya nyingine.

"Mtumwa," aliita Bi Kalunde kutoka kitandani. Safari hii alikuwa anaita kweli; jicho lilimtafuta, na mkono wa kushoto ulinyooka.

Otmari Komba, Mngoni wa Songea, alisogeza kigoda chake akaushika.

"Naam, mama," aliitika. "Nipo."